Pointi Saba Kushoto

Ninyi vijana mnaoingia ofisini siku hizi na kumaliza barua kabla chai haijapoa, nivumilieni kidogo. Mimi ni Faida. Nimekuwa sekretere huko Masisi kwa miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu, na sehemu kubwa ya miaka hiyo ilikuwa ya vita. Watu wakinikuta sokoni huniuliza habari za risasi. Hakuna anayeniuliza habari za paragrafu. Basi nitawapa za paragrafu bila kuulizwa, kwa sababu niliona kwa macho yangu wanaume wawili wenye bunduki wakitaka kuvunja amani kwa ajili ya moja.

Kwanza mjue jambo la kazi. Paragrafu si kile unachokiona. Unaweza kuwa na mbili zinazofanana kama mapacha, kumbe moja imesukumwa ndani kwa kupigapiga kile kitufe kirefu cha nafasi, na nyingine imesukumwa kwa kipimo chake, kile tulichokiita retrait. Badilisha ukubwa wa herufi uone. Ya kwanza inayumba kama mtu aliyetoka kwenye kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, ya pili imesimama wima. Jicho linadanganywa. Ukitaka ukweli, iulize paragrafu yenyewe.

Mimi sikuzaliwa najua hayo. Aliyenifundisha kazi ni Mwalimu Bauma, Muhunde wa milimani, aliyekuwa akipiga mashini za kuchapa, zile za zamani za utepe, tangu nikiwa mgongoni kwa mama. Alikuwa na rula ya mbao aliyoivaa kwenye mfuko wa shati kama wengine wanavyovaa kalamu. Hata barua ya kumpongeza mtu kwa ndoa aliipima pembezoni kabla ya kutia sahihi. Alikuwa akiniambia, "Faida, karatasi ikipinda, musomaji anafikiri na mwenye kuandika amepinda."

Kompyuta ilipotufikia, Mwalimu hakuiamini. Aliipima kwa rula, juu ya kioo. Nikisogeza ukurasa kidogo, anapiga kelele: "Simamisha hiyo kitu, napima!" Baada ya miezi michache kioo kilijaa mikwaruzo, na kila tulichoandika kilionekana kama kimenyeshewa na mvua.

Ile kompyuta ilikuwa ya watu wa mradi mmoja, waliokimbia mapigano yalipokaribia. Waliiacha pamoja na paneli ya jua, imprimante ya kuchapia, na kitabu kinene cha Kifaransa cha kuielezea. Vyote tuliviweka katika chumba cha nyuma cha duka la Papa Kambale, Munande wa Butembo, mwenye duka la sabuni na sukari na lori moja. Alituazima chumba hicho sisi wa kamati ya wakulima, akasema tu tusimchafulie ukuta kwa wino.

Kitabu kilikuwa kimeliwa na panya. Baadhi walikuwa wameanza mbele, wengine wakaanza nyuma, sijui walikuwa wamepatana vipi, wakaacha kurasa za katikati. Katikati hapo ndipo palipokuwa na makro. Kwa hiyo mimi ni mtu aliyejifunza makro kabla ya kujifunza jinsi ya kuweka herufi nzito.

Makro ni amri unayoiandika mara moja, na mashini inairudia bila kuchoka, kama katekista anayepita nyumba kwa nyumba akiuliza swali lile lile. Nikaandika ya kwangu: kwa kila paragrafu iliyo katika karatasi hii, niambie imesukumwa kiasi gani kushoto, kiasi gani kulia, na nafasi iliyo chini yake ni kiasi gani. Nikaijaribu kwenye kanuni za kamati yetu, zenye paragrafu mia tatu na kumi na mbili. Kikatokea kisanduku kidogo katikati ya kioo: paragrafu ya kwanza, sifuri, sifuri, sita, kwa kipimo cha pointi. Chini yake pameandikwa OK. Nikabonyeza. Kikatokea cha pili. Nikabonyeza. Kikatokea cha tatu. Hapo nikaelewa nimejifungia nini, maana mashini haikunikubalia kufanya jambo lingine lolote mpaka visanduku vyote viishe, na ukurasa wa kueleza jinsi ya kuisimamisha ulikuwa tumboni mwa panya.

Papa Kambale akaingia. "Dada Faida, unafanya nini?"

"Najibu ndiyo, Papa."

"Unajibu nani?"

"Mashini."

"Inaomba nini?"

"Haiombi kitu. Inaniambia tu."

Akatoka, akaniletea bugali na sombe, majani ya muhogo. Nilikula kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukibonyeza. Alimweleza mke wake kwamba vita imeanza kunigusa kichwa.

Kwa hiyo shikeni hili: usiiache makro ikuambie mambo moja moja kwa visanduku. Iamuru iandike majibu yote kwenye ukurasa mpya, ukae usome kwa utulivu. Na ukinaswa, bonyeza Ctrl pamoja na Pause. Mimi nililijua hilo baada ya miaka miwili.

Sasa nifike kwenye lenyewe.

Ulikuwa msimu wa maharage. Watu wengi walikuwa wamekimbilia kambi ya Lushebere, na mashamba yao yalibaki ng'ambo, kwenye njia inayoelekea upande wa Walikale. Kati ya kambi na mashamba palikuwa na makundi mawili yenye silaha. Moja lilikaa mlimani, jingine lilishika daraja la mtoni. Sisi tuliwaita "wa mlima" na "wa mto", na sitasema zaidi, maana majina yao yalibadilika kila baada ya miezi michache na hata wao wenyewe waliyachanganya.

Kila asubuhi alikuja ofisini Mama Riziki, mkulima wa Kibabi aliyekuwa akiwasemea wanawake wa kambi. Alikuja na maganda ya maharage ambayo mtu mmoja jasiri alikuwa ameyachuma na kukimbia nayo. Aliyaweka mezani, na kwa joto la chumba yalipasuka yenyewe, ta, ta, mbegu zikarukia kwenye karatasi zangu.

"Munasikia?" alisema. "Yameiva. Siku chache tena yatamwagika kwa udongo. Wanawake banasema bataenda tu, bapigwe risasi ao basipigwe."

Na kweli wangekwenda. Hilo ndilo lililomfanya Papa Kambale apande mwenyewe mlimani, kisha ateremke mtoni, akarudi na ahadi: kila upande utatuma mkubwa wake, waandike mkataba wa siku kumi za kuvuna.

Wakaja. Wa mlima walimtuma Major, mrefu, mwenye miwani iliyobaki na kioo kimoja, hivyo alisoma akifumba jicho la pili. Wa mto walimtuma Kapiteni, mfupi, mwenye buti za mpira na kravati. Papa Kambale aliwaomba waache bunduki dukani. Akazipanga kwenye rafu kati ya sabuni na sukari, na mteja mmoja akauliza kama zile nazo zinauzwa.

Maneno ya mkataba yalikubaliwa kabla ya saa sita mchana. Niliyapiga upesi, vipengele tisa, kila kipengele paragrafu yake, nikachapa. Mwalimu Bauma alisoma kwa sauti. Major akatikisa kichwa kwamba ni sawa. Kapiteni akachukua karatasi, akainyoosha mbali, akaisogeza karibu, akaipeleka dirishani.

"Hii ya ine njo yetu?" akauliza.

"Ndiyo, Kapiteni," nikasema. "Ya nne inaeleza kazi ya wa mto. Ya tatu inaeleza kazi ya wa mlima."

"Na ju ya nini yetu imesukumwa nyuma?"

Tukainama wote. Jamani, ilikuwa kweli. Kidogo sana, upana wa punje ya mchele. Mwalimu Bauma alikuwa ameshachomoa rula.

"Milimita mbili na nusu," akasema, kwa furaha isiyofaa kabisa mahali pale.

"Bale bako mbele, sisi tuko nyuma," Kapiteni alisema. "Munataka niende kuwaambia batu yangu kama nimeweka sahihi ya kuwa nyuma?"

Major akacheka. Kisha akaacha kucheka, maana alikuwa ameiinamia karatasi kwa jicho lake moja. "Ngoja. Chini ya yetu nafasi iko kidogo. Chini ya yao iko kubwa. Bo banapumua, sisi tunabanwa."

Nikasema nitarekebisha. Nikakaa mezani, nikasogeza kwa jicho, nikachapa. Kapiteni akasema bado. Nikasogeza tena. Major akasema sasa yeye ndiye yuko nyuma. Mwalimu akapima, Kapiteni akakataa rula ya Mwalimu, akasema ni ya mbao na mbao inalika. Papa Kambale akaleta rula ya plastiki kutoka dukani. Zile rula mbili hazikukubaliana, moja ilianza kuhesabu ukingoni na nyingine ndani kidogo. Sasa ugomvi ukawa ni rula ipi inasema kweli, na kila upande ulishika moja. Mama Riziki alikaa kwenye pipa la mafuta ya mawese lililokuwa tupu, akiwatazama. Ganda likapasuka mezani. Hakuna aliyegeuka.

Major akasimama. Kapiteni akasimama. Nikasikia Major anamwambia Papa Kambale, "Lete vyombo yetu." Vyombo maana yake bunduki.

Vijana wangu, sikuwa na ujasiri wowote. Ila nilikuwa na makro, na wingu lilikuwa limefunguka, paneli inapata jua. Nikasema, "Wakubwa, rula inapima karatasi. Mimi nina kitu cha kuiuliza paragrafu yenyewe. Inaita moja moja, na kila moja inasema inasimama wapi. Haiwezi kudanganya."

Kapiteni akageuka. "Inaziita moja moja?"

"Moja moja."

"Kama appel ya askari asubuhi?"

Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba ni kama kuita majina ya askari, lakini nikasema, "Kabisa, Kapiteni. Appel."

Hilo waliliheshimu. Wote wawili waliketi, mgongo wima. Na nikafanya jambo ambalo nimetoka kuwakataza. Niliurudisha mkataba kama nilivyouchapa mara ya kwanza, kabla sijausogeza kwa jicho, nikaita ile makro ya zamani, ya visanduku, ili waone kila paragrafu ikijibu.

Nikabonyeza. Mwalimu akasoma kwa sauti ya kambi ya jeshi: "Paragrafu ya kwanza! Kushoto sifuri, kulia sifuri, chini sita."

"Sawa," alisema Major.

"Ya pili! Sifuri, sifuri, sita."

"Sawa," alisema Kapiteni.

"Ya tatu! Sifuri, sifuri, tatu."

"Tatu!" Major akalipiga goti lake kofi. "Nilisema! Tunabanwa!"

"Ya ine! Kushoto saba, kulia sifuri, chini sita."

Nikamngoja Kapiteni alipuke, lakini aliyelipuka ni Major.

"Saba? Bo bako na saba, sisi tuko na sifuri? Ju ya nini?"

Mwalimu Bauma alifikiri haraka, Mungu amlaze pema. "Major, hii iko kama kupima malaria. Ile yenye kuwa na misalaba mingi kwa karatasi ya daktari njo mugonjwa. Sifuri njo afya."

Major akaelewa, akatulia, hata akamtazama Kapiteni kwa huruma. Sasa ikawa zamu ya Kapiteni. Aliongea taratibu. "Basi mashini imekubali. Pointi saba. Nani aliisukuma?"

Kulikuwa na majibu mengi ya uongo yaliyonijia. Ningesema ni umeme. Ningesema ni panya. Lakini nilijua vizuri kilichotokea. Juu ya ukurasa kuna vile vipembe vidogo vya kuvuta paragrafu, na asubuhi ile mkono wangu uliteleza nikavuta kimoja, nikaona, nikasema moyoni nani atatambua.

"Ni mimi," nikasema. "Mkono uliteleza. Niliona, nikaacha. Hakuna aliyenituma."

Papa Kambale alifumba macho. Kapiteni akanitazama mpaka nikahesabu vifungo vya shati lake.

"Uiombe musamaha," akasema.

"Nakuomba msamaha, Kapiteni."

"Hapana mimi. Ile."

Akanyooshea kidole kioo. Hakuwa anatania. Nikaigeukia kompyuta, mwanamke mzima, mama wa watoto wanne, nikasema, "Pardon, kipengele cha nne." Mwalimu Bauma akaongeza amina, kwa mazoea nadhani. Nikaandika sifuri kushoto kwa namba, si kwa kuvuta, nikaweka sita chini ya cha tatu, nikaanza appel upya tangu mwanzo. Ya kwanza sawa. Ya pili, ya tatu, ya nne, sawa. Ya tano sawa.

"Ya sita!" Mwalimu akasita. "Sifuri, sifuri, sita. Lakini... haina maneno."

Nilikuwa nimebonyeza Entrée, kitufe cha kuanza mstari mpya, mara mbili, kosa la kila sekretere duniani. Katikati ya mkataba palikuwa na paragrafu tupu. Kwa macho ungesema ni nafasi kidogo tu. Mashini iliihesabu kama nyingine.

"Huyu ni nani?" Major akauliza.

"Si mtu, Major. Ni paragrafu bure."

"Anasimama kwa laini, anajibu appel, na hasemi kitu?" Major alimgeukia Kapiteni. "Njo wenu?"

"Si wetu. Mulimuleta nyinyi ba mulima."

"Mutu wa kuingia kati yetu kimya-kimya! Iko espion, mupelelezi!" akasema Major.

Nikasema naifuta sasa hivi. "Usiguse!" wakasema wote wawili kwa pamoja, na hilo ndilo lilikuwa jambo la kwanza walilokubaliana bila kupima. Wakaanza kujadili kwa dhati paragrafu tupu ni mali ya upande gani, kama imeingia kutoka juu au kutoka chini, na kama inaweza kujazwa maneno mabaya baada ya sahihi kutiwa. Kusema kweli hili la mwisho halikuwa la kijinga.

Ndipo Mama Riziki aliposimama kutoka kwenye pipa. Siku nzima alikuwa hajafungua mdomo mbele yao.

"Hiyo nafasi iko yetu," akasema.

Wakamtazama.

"Papa Major, Papa Kapiteni, nimesikiliza hizi karatasi tangu asubuhi. Mumeandika raia bataenda kwa mashamba. Mumeandika siku, mumeandika njia, mumeandika nani atasimama wapi. Hakuna mahali mumeandika tutarudi."

Mwalimu Bauma akaichukua karatasi akaipitia, midomo ikicheza. Mimi nikapitia kwenye kioo. Papa Kambale akaja kusoma nyuma yangu. Ilikuwa kweli. Vipengele tisa, rula mbili, makro moja, wanaume wanne na mimi, na hakuna aliyeona. Kila mwenye kusoma alikuwa anatazama pembezoni.

"Tutaenda, sawa," Mama Riziki aliendelea. "Na wakati wa kurudi, na mizigo kwa mugongo, mutu wa daraja atasema hii iko yake. Mutu wa mulima atasema na yeye. Mutatuambia karatasi haikukataza. Muandike humo ndani."

Hakupandisha sauti. Major alivua ile miwani, akaifuta kile kioo kimoja. Kapiteni alishika kravati yake.

"Sema, aandike," Kapiteni alisema mwishowe.

Mama Riziki akasema, nikaandika kama alivyosema, bila kunyoosha lugha: *Na watarudi, wao na maharage yao yote, na hakuna mutu atawagusa ao kuomba hata punje.*

Tukaita appel mara ya mwisho. Zote zikajibu sifuri, sifuri, sita, na ya sita sasa ilikuwa na la kusema. Wakatia sahihi. Nilichapa nakala mpaka wino ukaanza kufifia.

Siku ya tatu ya mavuno nilikwenda nao, nione kazi yangu inatembeaje. Tulipokuwa tunarudi, wanawake wameinama chini ya mizigo, mkanda kwenye paji la uso, askari mmoja wa daraja alitoka kibandani, akatusimamisha. Mama Riziki alichomoa karatasi iliyofungwa kwenye plastiki. Nilimwona yule askari akiigeuza juu chini, nikajua hajui kusoma.

Lakini alikuwa ameambiwa kitu na mkubwa wake. Alilaza karatasi juu ya jiwe, akachomoa kwenye bunduki ile fimbo nyembamba ya kusafishia mtutu, akailaza kwenye ukingo wa kushoto wa maandishi, juu mpaka chini. Akafumba jicho moja. Akaangalia polepole kama anayelenga. Karibu wanawake arobaini walisimama wakingoja, mizigo mgongoni.

"Ziko sawa," akasema. "Hii njo ya kweli. Mupite."

Tukapita.

Ule mkataba ulidumu siku kumi, haukuzidi hata nusu siku. Ya kumi na moja nilikuwa Lushebere, nyuma ya hema la Mama Riziki, tunachambua maharage. Chungu kilikuwa motoni tangu asubuhi. Bunduki zikaanza kulia kule ng'ambo, kwanza moja moja, kisha kwa pamoja. Wanawake wote walihesabu watoto kwa macho.

Mama Riziki alisikiliza, akapima umbali kwa sikio, akainua kifuniko, akachota punje mbili kwa kijiko, akazionja.

"Zimeiva," akasema. "Nani iko na chumvi?"